Jerop na Viini vya Samawati

Kabla ya kuwasha taa ya hadubini, Jerop huketi gizani dakika kumi nzima. Hakuna mwalimu aliyemwamuru hivyo. Ni macho yake mwenyewe yaliyomfunza. Mtu akitoka kwenye jua la Eldoret, jua lile la nyanda za juu lisilo na joto jingi lakini lenye ukali wa kukunjisha uso, kisha akainamia lenzi papo hapo, haoni ila weusi, na kwa haraka yake atasema hapana kitu. Basi Jerop hufunga mlango wa chumba cha giza, hushusha pazia zito alilolishona kwa blanketi mbili kuukuu, huweka mikono mapajani, na humshukuru Mungu kwa zawadi ya macho. Dakika kumi zikiisha, huwasha.

Ana umri wa miaka hamsini na mmoja, na kwa miaka ishirini na minane amekuwa mhudumu, kisha fundi, wa maabara ya chuo kimoja cha kilimo na mifugo kilichoko upande wa Chepkoilel. Alianza kwa kuosha vyombo vya kioo. Wakati huo alizijua neli kwa idadi ya zilizovunjika, wala hakujua kinachotiwa ndani yake. Lakini alijaliwa jicho lisilochoka na mkono usiotetemeka, na walimu wa chuo, mmoja baada ya mwingine, wakamwachia kazi zilizohitaji vitu hivyo viwili: kukata ncha za mizizi ya kitunguu nyembamba kuliko karatasi, kutandaza tone juu ya slaidi pasipo kiputo, kuchovya, kusuuza, kungoja. Kungoja ndiko hasa alikokuweza. Majirani zake katika mtaa wa West Indies mjini humjua kuwa mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya kanisa. Chuoni hujulikana kuwa mtu ambaye slaidi zake hazirudiwi.

Miaka sita iliyopita chuo kilipokea hadubini ya namna nyingine, yenye taa ya urujuanimno, mwanga ambao jicho la binadamu halioni. Pamoja nayo kilikuja kichupa chenye unga wa manjano usiojaza ukucha. Unga ule ulikuwa rangi, ila si rangi ya kupaka. Ukiyeyushwa majini na kudondoshwa juu ya seli, hupenya ukuta wake, huvipita vyote vilivyomo kana kwamba havipo, hukitafuta kiini peke yake, mahali ulipohifadhiwa uzi wa urithi, na kuukumbatia uzi huo. Kisha ukimulikwa kwa mwanga ule usioonekana, kiini huwaka samawati katikati ya giza tupu.

Siku ya kwanza Jerop alipoliona jambo hilo, katika ngozi ya kitunguu cha kawaida cha sokoni, alitoka chumbani mbio na glavu mikononi.

"Mwihaki! Njoo uone! Kitunguu kina taa!"

Mwihaki, fundi mwenzake wa meza ya pili, mwanamke wa maneno mengi ambaye wazazi wake walihamia huku kutoka Nyeri, hakuinua hata kichwa. "Kitunguu chako au changu? Maana changu kiko kwa sufuria."

Lakini alikwenda, akatazama, na yeye pia akashika mdomo. Tangu siku hiyo Jerop amezipaka rangi seli za mashavu ya wanafunzi, za mbawa za nzi, za majani ya ngano, na furaha ile haijapoa. Kila mara anapozungusha gurudumu la lenzi na ukungu ukajikusanya kuwa nukta, na nukta zikawaka, moyo humruka kama wa msichana aliyeitwa jina lake kupokea zawadi mbele ya shule nzima.

Jumatatu moja mwezi wa Julai, mama yake mzazi akampigia simu saa nne asubuhi. Bibi huyu anaitwa Jepkemboi, lakini wajukuu wamewazoesha watu wote kumwita Kogo, yaani nyanya.

"Jerop, Kiplimo anauza Chebaibai."

Jerop aliketi. Kiplimo ni mdogo wake, ndiye aliyebaki na shamba. Chebaibai ni ng'ombe, na si ng'ombe wa hivi hivi. Siku Kogo alipoletwa kuwa bibi arusi, miaka sitini iliyopita, alisimama nje ya nyumba ya wakwe kama desturi inavyotaka, akakataa kuvuka kizingiti mpaka aahidiwe mnyama. Na baba mkwe, baada ya kubembeleza sana, akamtajia mtamba mwekundu. Chebaibai ni wa uzao wa mtamba yule. Wengine wote wa ukoo huo wamekwisha kufa au kutawanyika. Yeye ndiye aliyebaki, na tumboni ana ndama.

"Kwa nini amuuze, Mama?"

"Ati maziwa ni magonjwa. Wale wa ushirika wameyarudisha mara mbili. Wanatia dawa yao kwa kile kibao, maziwa yanakuwa kama kamasi. Ndungu wa lori anakuja kumchukua Alhamisi."

"Mpe Kiplimo simu."

Kiplimo aliipokea akiwa tayari amekasirika. "Usianze, dada. Kiwele kikishaingia ugonjwa, hata akizaa, ndama atanyonya nini? Usaha? Mimi ndiye ninaamka kumkamua, si wewe."

"Nipe mpaka Alhamisi saa sita. Nitayapima mwenyewe, chuchu moja moja. Nikikuonyesha kwamba si kiwele kizima kilichoharibika, ng'ombe anabaki."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa sitakulilia."

"Haya. Saa sita. Ndungu hapendi kungojeshwa."

Jerop alikata simu akaenda moja kwa moja kwa Daktari Wakoli, mwalimu wa magonjwa ya mifugo, mtu wa Bungoma mwenye kicheko kinachosikika mpaka langoni. Alimweleza yote akiwa amesimama.

"Walipima mtungi au chuchu moja moja?" aliuliza Wakoli.

"Mtungi."

"Na amebakisha muda gani azae?"

"Miezi mitatu."

"Basi hapo ndipo penye shaka. Ng'ombe anayekaribia kukauka maziwa hupukutisha seli nyingi ndani ya maziwa hata akiwa mzima. Ile dawa yao inaganda kwa sababu ya wingi wa seli; haiulizi ni seli za nani."

"Na kuna njia gani ya kuziuliza?"

Wakoli alichukua kalamu akachora duara, kando yake akachora vishanga vitatu vilivyoshikana. "Hii ya duara ni kiini cha seli ya kawaida. Hivi vishanga ni kiini cha askari wa mwili, wale wanaokimbilia mahali penye ugonjwa. Ukiona vishanga vimejaa, kuna vita mle ndani. Lakini Mama, maziwa si kitunguu. Mafuta yatakujazia ukungu kila mahali. Mimi singejaribu."

"Mafuta nitayatoa."

"Na ukiviona vishanga katika robo zote nne za kiwele?"

Jerop aliitazama ile michoro. "Basi Kiplimo atakuwa amesema kweli," akajibu, "na ng'ombe ataenda." Hata hivyo alipokuwa akirudi kwenye meza yake hatua zake zilikuwa nyepesi, kwani katika miaka yote sita hakuwahi kuulizwa swali ambalo rangi ile peke yake ndiyo iliyoweza kulijibu.

Jioni akampigia mama yake na kumwagiza: maziwa ya kila chuchu yakae peke yake, katika chombo safi, safi kabisa, chenye alama.

Jumanne asubuhi maziwa yakaja. Jerop alikuwa akiwasimamia wanafunzi katika chumba kingine, kwa hiyo ni Mwihaki aliyempokea Kiplimo mlangoni, akayamimina maziwa katika neli nne, akaandika juu ya kila neli chuchu yake, na Kiplimo akaondoka na vyombo vya nyumbani. Alasiri Jerop akaanza kazi. Alimimina kidogo ya kila neli katika neli nyingine, akazitia hizo katika mashine ya kuzungusha mpaka mafuta yakapanda juu kama kofia, akayafuta kwa pamba, akamwaga maji ya maziwa, akaziosha seli zilizotuama chini kwa maji ya chumvi, akazitandaza, akazikausha kwa spiriti, akazidondoshea rangi. Akafunga mlango. Akangoja dakika zake kumi. Akawasha.

Hapakuwa na kitu.

Alizungusha gurudumu mbele na nyuma. Giza, na ndani ya giza punje ndogo nyeusi zaidi ya giza lenyewe. Slaidi ya pili, giza. Ya tatu, giza. Ya nne vilevile.

Hofu yake ya kwanza ilikuwa kwamba rangi imekufa, maana rangi ile huuawa na mwanga na ndiyo sababu huifungia ndani ya karatasi ya bati katika jokofu. Akakwangua shavu lake kwa kijiti, akatandaza, akadondosha, akangoja, akawasha. Seli za shavu lake zikamwakia samawati safi, kubwa, tulivu. Rangi ilikuwa hai. Ni maziwa yaliyokataa.

Daktari Wakoli alipoambiwa akacheka mpaka akafuta macho. "Ng'ombe asiye na seli hata moja kwenye maziwa! Huyo si ng'ombe, huyo ni malaika. Kiplimo asimuuze, amjengee kanisa."

"Daktari, usinichezee."

"Sikuchezei, Mama. Nilikwambia maziwa ni magumu."

Akarudia kazi yote tangu mwanzo. Giza lile lile. Alikwenda nyumbani bila kuuaga mlango, na kwenye mazoezi ya kwaya akaingia mahali pasipo pake mara mbili.

Jumatano asubuhi alikifungua kizibo cha neli ya kwanza akitaka kuyatazama maziwa yaliyobaki kwa jicho tupu. Jicho halikuona jambo, lakini pua iliona. Kulitoka humo harufu ya moshi, nyembamba na tamu, harufu aliyokuwa ameizoea kabla hajajua kusema. Alisimama na neli chini ya pua yake. Akaliona jiko la mama yake, kijiti cha mti wa senetwet kikiwaka mpaka kikawa kaa, na mkono wa mama ukikisugua kaa hilo ndani ya kibuyu, ukizungusha na kuzungusha mpaka tumbo la kibuyu likawa jeusi na laini, tayari kupokea maziwa.

"Mwihaki!"

"Nani amekufa?"

"Maziwa yalikuja ndani ya nini?"

"Ndani ya vibuyu. Vinne, vidogo, vina ushanga mpaka shingoni. Vizuri, wacha tu. Nilidhani mama yako ametuletea mursik, yale maziwa yenu ya kugandishwa, nikameza mate bure."

"Na hukuniambia!"

"Uliagiza chombo safi. Vilikuwa safi kuliko mimi. Kwani kibuyu kina makosa?"

Jerop alikuwa ameshatoka. Alikwenda kwa mama mpishi wa chai nyuma ya ukumbi, akaomba kipande cha kaa baridi, akarudi akikimbia na kaa kiganjani kama mtu aliyeokota kito. Alilisaga mpaka likawa vumbi. Akalitia vumbi hilo ndani ya matone machache ya rangi, akatikisa, akaliacha litue, akanyonya maji ya juu kwa pipeti, akayadondosha juu ya seli mpya za shavu lake. Kando yake akaweka slaidi ya pili, shavu lile lile, rangi isiyoguswa na kaa. Mlango. Pazia. Mikono mapajani. Safari hii dakika kumi zilikuwa ndefu kuliko ibada ya Ijumaa Kuu.

Slaidi isiyo na kaa ikawaka. Slaidi yenye kaa ikabaki nyeusi ti.

"Makaa yameinywa!" Sauti yake ilipenya pazia na mlango ikafika ofisini kwa Wakoli. "Daktari! Makaa yameinywa rangi yote! Si ng'ombe, si rangi, ni kibuyu cha mama!"

Wakoli alikuja, akatazama slaidi ya kwanza, akatazama ya pili, akarudi ya kwanza. Kicheko hakikuwepo. "Mama," akasema polepole, "hili mimi nisingeligundua. Kwetu hatutii makaa." Kisha akatazama saa ya ukutani. "Una muda gani?"

"Mpaka kesho saa sita."

"Basi unafanya nini hapa?"

Alasiri hiyo bodaboda ilimshusha kwenye lango la nyumbani, neli nne mpya zikiwa zimefungwa kwa pamba ndani ya mkoba wake. Kogo alikuwa uani akichambua mboga za sagaa, shuka begani, na aliposikia shauri la vibuyu akaziacha mboga zote.

"Vibuyu vyangu vimekosa nini?"

"Havijakosa, Mama. Ni yale makaa."

"Niliviosha mara tatu! Nikachoma senetwet yenyewe, si huu uchafu wanauza sokoni. Ulitaka niwapelekee wasomi maziwa ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi? Waseme mama ya Jerop hana kibuyu?"

"Hakuna mtu angesema hivyo."

"Wangesema. Wangekuja kusema ukiwa umetoka."

"Mama, nisikize. Makaa yanakunywa ile rangi ninayotumia. Yanainywa yote, haibaki ya kuingia kwa seli."

Kogo alifikiri. "Makaa yanakunywa sumu na harufu mbaya. Hiyo ndiyo kazi yake tangu zamani. Kama yameinywa rangi yako, basi rangi yako ni sumu."

Jerop alicheka, kisha akaitazama mikono yake, kwa maana mama yake, asiyewahi kukanyaga maabara, alikuwa amekaribia sana ukweli. Rangi inayoshika viini vya seli za ng'ombe haijui tofauti kati ya hivyo na viini vya mkono unaoishika. Ndiyo maana yeye huvaa glavu. "Si uongo, Mama," akasema. "Njoo unishikie mkia."

Chebaibai aliwasubiri akitafuna, mwekundu, mpana, macho yake yakiwa hayana habari na lori la mtu yeyote. Jerop alizifuta chuchu kwa pamba yenye spiriti, moja moja, akamwaga chini mikamuo mitatu ya kwanza ya kila chuchu, kisha akakamua ndani ya neli bila chuchu kugusa mdomo wake. Kiplimo alikuja akaegemea nguzo.

"Dada, unakamua ng'ombe kama daktari anatoa damu."

"Na wewe umesimama kama mgonjwa anayengoja zamu."

"Ndungu ameshapanga safari yake. Nimempa neno langu."

"Hata mimi umenipa. Langu ni la saa sita. Uje mwenyewe, uje uone kwa macho yako."

Kiplimo alitema jani alilokuwa akitafuna. "Nitakuja. Lakini usinionyeshe madoa-doa uniambie ni miujiza."

Neli zilikaa katika jokofu usiku kucha, na Alhamisi saa mbili Jerop akawa mezani. Hakukuwa na jambo alilolifanya siku hiyo ambalo hakuwa amelifanya maelfu ya mara, ila mikono yake ilijua kwamba leo ni siku nyingine. Mashine ikazunguka ikiimba. Kofia ya mafuta ikapanda, akaifuta kwa pamba, akaifuta tena, mara ya tatu, akikumbuka ukungu alioonywa. Maji ya maziwa akayamwaga. Kilichobaki chini ya kila neli kilikuwa kitu cha kijivu kisichozidi kichwa cha pini. Akakiosha, akakitandaza, akakikausha. Kisha akazima taa ya meza, akaifungua ile karatasi ya bati, na akadondosha rangi, tone moja, tone moja, tone moja, tone moja. Mwihaki alikuwa amesimama nyuma yake akihesabu matone.

Saa tano kasorobo Kiplimo akafika, viatu vina tope la zizini, simu mkononi. Daktari Wakoli akaja pia, akajifanya amepita tu. Wote wanne wakaingia katika chumba cha giza, Jerop akashusha pazia.

Kila mmoja akapapasa mahali pa kusimama.

"Tunangoja nini?" aliuliza Kiplimo.

"Macho."

"Yangu yako hapa."

"Yako hapa lakini bado yako nje kwenye jua. Tulia."

"Mtu amekanyaga mguu wangu."

"Ni mimi," akasema Wakoli. "Samahani, mzee wa ng'ombe."

Mwihaki akaguna, akajizuia kucheka, na kujizuia kwake kukawachekesha wengine. Jerop peke yake hakucheka. Alikuwa akisikia damu yake masikioni. Alimwomba Mungu jambo moja tu: kwamba, chochote kilichomo, kionekane.

Akawasha taa. Akaweka slaidi ya chuchu ya mbele kulia. Akainama, akashika gurudumu.

Mwanzoni ulikuwa ukungu. Akazungusha kwa ncha ya kidole, nusu ya upana wa unywele, na ukungu ukajikusanya, ukakaza, ukawaka. Samawati! Kiini kimoja. Kando yake kingine. Kimoja tena kule pembeni, duara, kizima, kama mbegu ya mtama iliyotiwa mwanga. Akasogeza slaidi: duara, duara, duara. Kulikuwa na kishanga kimoja mahali fulani, kimepotea katikati ya wengine.

"Viko," akasema. "Daktari, viko! Vya duara!"

Chuchu ya mbele kushoto: duara. Ya nyuma kulia: duara, nyingi kidogo, lakini duara. Akaiondoa, akaweka slaidi ya nne.

Hapo moyo ukamshuka. Uwanja wote ulikuwa umejaa. Hapakuwa na giza la kutosha kati ya kiini na kiini. Vilisongamana kama watu mbele ya madhabahu, na karibu vyote vilikuwa vimegawanyika, vishanga viwili, vishanga vitatu, vishanga vinne katika uzi mmoja, vikiwaka kwa nguvu iliyomfanya akunje jicho. Aliviangalia kwa muda mrefu. Lilikuwa jambo baya, na lilikuwa zuri kiasi cha kumtoa machozi. Akayaacha yatoke, kwa sababu kulikuwa giza.

"Ya nyuma kushoto ni mgonjwa," akasema. "Ni kweli. Ni mgonjwa sana." Akainua kichwa. "Lakini ni hiyo tu."

Wakoli aliinama, akapitia slaidi zote nne, akihesabu kwa kunong'ona. Alipofika ya mwisho akapiga makofi hata vichupa vikalia rafuni. "Robo moja! Kiplimo, robo moja tu! Hizo tatu ni ng'ombe anajikausha kama kila ng'ombe. Hii moja tutaitia dawa atakapokaushwa. Siahidi kwamba itapona, huenda ikapona, huenda ikafa. Lakini kwa hizo tatu ndama atashiba na nyinyi mtabakishiwa."

"Mnasema nyinyi," akasema Kiplimo. "Mimi sijaona."

Jerop akampisha kitini. Kiplimo aliinamia lenzi na kofia yake ikagonga hadubini; akaivua. Akakaa vile. Akakaa. Mwihaki akaanza kuhema kwa kukosa subira.

"Dada."

"Naam."

"Hizi zinawaka ziko ndani ya maziwa? Haya maziwa tunakunywa?"

"Ndani yake. Kila siku."

"Na hakuna mtu amezitia taa?"

"Nimetia rangi. Vyenyewe vilikuwepo."

"Nionyeshe ya chuchu nzima." Akaonyeshwa. "Rudisha ile mbaya." Ikarudishwa. Alilipiga goti lake kwa kofia. "Aisee! Hata mtoto anaona. Hii ni kama mtama, hii ni kama shanga zimekatika!"

Simu ikalia mfukoni mwake; akaitoa, mwanga wake ukawachoma wote macho. Wakafikiri ni Ndungu, lakini alikuwa Kogo, na Kiplimo akaiweka sauti juu.

"Mmemaliza kumchungulia ng'ombe wangu?" aliuliza Kogo. "Huyu mtu wa lori amefika mapema, amekaa kwa kiti changu."

"Mama," akasema Jerop, "ni chuchu moja tu. Ya nyuma kushoto."

"Hiyo? Hiyo nikiigusa ananirushia teke tangu wiki jana."

Wote wakaigeukia simu.

"Kogo!" Kiplimo alikaribia kupiga kelele. "Kwa nini hukusema?"

"Kwani uliniuliza? Wewe uliongea na watu wa ushirika. Na Jerop akaongea na makaa."

Mwihaki alishindwa, aliangua kicheko mpaka akaegemea pazia, na Wakoli akamfuata kwa kile cha kwake cha kusikika langoni. Jerop alikuwa akicheka na kulia kwa wakati mmoja, mkono wake ukiwa bado umeifunika hadubini kana kwamba mtu angeweza kuiangusha.

"Mpe Ndungu simu," akasema Kiplimo.

Kukasikika mikwaruzo, kuku, kisha sauti nzito ya mwanamume. "Kiplimo, niko hapa. Kamba nimeshashika."

"Iachilie, Ndungu. Ng'ombe haendi."

"Tulikubaliana!"

"Tulikubaliana juu ya ng'ombe mgonjwa. Huyu ni robo mgonjwa na robo tatu mzima. Nimeona mwenyewe."

"Umeona wapi?"

Kiplimo akamtazama dada yake kwenye giza. "Siwezi kukuelezea kwa simu," akasema mwishowe. "Mwambie Kogo akupe chai, ndugu yangu, unisamehe." Akaikata, akaigeuza uso chini, akavuta kiti karibu zaidi na meza.

"Toka, basi," Mwihaki akamwambia. "Na sisi tuone."

"Ngoja," akasema Kiplimo, jicho likiwa limeshafika kwenye lenzi. "Ngoja kidogo. Dada, hili gurudumu linazungushwa upande gani?"